Sanduku Lenye Kufuli: Shinkolobwe na Siri za Serikali



Katika nyumba nyingi za Goma mna sanduku moja ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua. Ndani yake mna hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, karatasi za ubatizo, na pengine fedha kidogo zilizowekwa akiba kwa ajili ya karo. Mtoto mwenye akili haombi ufunguo, kwani ajua ya kuwa baba na mama wamelifunga ili mali ya wote isipotee. Lakini tuseme kwamba mtoto huyo, akiisha kuwa mtu mzima, agundua kuwa ndani ya sanduku mlikuwa na hati ya shamba la nyanya yake, nalo shamba liliuzwa zamani bila nyanya kuambiwa neno. Kufuli ni lile lile. Kazi yake ndiyo iliyokuwa nyingine.

Serikali zote za dunia zina sanduku la namna hiyo. Leo yafaa tulitazame: hufungwaje, nani hupewa ufunguo, nani hukatazwa hata kujua kwamba sanduku lipo. Wengi wetu hudhani ya kuwa mambo hayo ni ya Wazungu na ya sinema. Sivyo, ndugu zangu. Siri iliyolindwa kwa bidii kupita zote katika karne ya 20 ilitoka katika udongo wa Kongo, na mikono iliyoibeba kwanza ilikuwa mikono ya Wakongo.

Shinkolobwe ipo katika Katanga, karibu na mji wa Likasi ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita elfu moja kuelekea kusini. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliona huko mawe mazito yenye rangi za kupendeza, naye akatambua ya kuwa si mawe ya kawaida. Kampuni kubwa ya Union Minière du Haut-Katanga ikayachimba kwa ajili ya radiamu, dawa iliyotumika hospitalini dhidi ya saratani, ambayo bei yake siku zile ilikuwa kubwa mno. Urani, iliyokuwa nyingi kuliko radiamu katika mawe yale, ilihesabiwa kama makapi. Waliinunua wafinyanzi na watengeneza vioo ili kupata rangi nzuri. Mwaka 1937 soko likawa dogo, shimo likafungwa, maji yakaingia.

Mwishoni mwa mwaka 1938 wataalamu wa Berlin waligundua kwamba chembe ya urani yaweza kupasuliwa, nayo ikipasuka yatoa nguvu ya ajabu. Tangu siku hiyo makapi ya Shinkolobwe yakawa mali ambayo wafalme wangeipigania. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alionywa huko Ulaya mwaka 1939 kwamba mawe yake yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mtu huyu alikuwa mwerevu. Kabla ya mwaka 1940 kwisha alikwisha kusafirisha tani zipatazo 1,200 hadi New York, nazo zikawekwa katika mapipa ya chuma ghalani kwenye kisiwa cha Staten Island. Zikakaa huko karibu miaka miwili. Wapita njia hawakujua kilichomo.

Tarehe 18 Septemba 1942 akaja ofisini kwake ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akitafuta urani kwa bidii. Mali aliyoitafuta ilikuwa ipo tayari ng'ambo ya maji katika mji ule ule. Kwa muda mfupi wakapatana, na mapatano yakaandikwa juu ya karatasi moja ya manjano. Mawe ya machimbo ya Marekani mara nyingi hayakufika hata sehemu moja ya urani katika mia. Yale ya Shinkolobwe, yaliyo bora, yalifika 65 katika mia. Kwa hiyo Wamarekani walitaka mambo mawili: mawe yote yaje kwao, na mtu yeyote asijue kwamba yaja.

Sasa tazameni jinsi kuta zilivyojengwa, maana kuta hizo ndizo ambazo serikali nyingi zimeziiga hata leo.

Ukuta wa kwanza ulikuwa jina. Kazi ya kutengeneza bomu la atomiki haikuitwa kazi ya bomu. Iliitwa Wilaya ya Manhattan, kana kwamba ni idara ya wahandisi wa barabara. Waingereza nao waliiita yao kwa maneno yenye maana ya aloi za mabomba. Neno "urani" lenyewe likaondolewa katika barua. Tarehe 28 Juni 1943 ofisi ya ukaguzi wa habari iliwaomba wahariri wa magazeti na redio za Marekani wasitaje urani wala nguvu ya atomu, hata kwa kubahatisha. Wakatii, ingawa ombi lenyewe liliwaambia wahariri mambo ambayo wengi wao hawakuyajua bado!

Ukuta wa pili ulikuwa kugawa kazi vipande vipande. Mkuu wa mradi, Jenerali Leslie Groves, aliamuru kila mtu ajue kile tu anachokihitaji kwa kazi yake, wala asijue zaidi. Katika mji wa Oak Ridge, uliojengwa haraka mahali palipokuwa na mashamba, wasichana waliotoka shule walikaa mbele ya mitambo wakitazama mshale na kugeuza kifundo. Mshale ukienda kulia, geuza kushoto, basi. Walikuwa wakitenga urani ya bomu, wala hawakuijua. Wataalamu wa Los Alamos walikuwa na anwani moja tu, sanduku la posta namba 1663 la mji wa Santa Fe, na watoto waliozaliwa kule waliandikiwa katika vyeti vyao kwamba mahali pa kuzaliwa ni sanduku hilo la posta. Wakati kazi ilipopamba moto waliajiriwa watu zaidi ya 120,000. Waliojua kusudi lenyewe walikuwa wachache sana.

Ukuta wa tatu ulikuwa fedha. Kazi ile ilikula dola zipatazo bilioni 2, nazo ni fedha ambazo kwa sheria hupitishwa na Bunge. Zilifichwa ndani ya mafungu mengine ya jeshi. Hata mwanzo wa mwaka 1944 ndipo viongozi watatu tu wa Baraza la Wawakilishi walipoitwa na kunong'onezwa, wakaombwa wawazuie wenzao kuuliza maswali.

Hapa pana kisa ambacho sipendi kukiruka. Seneta Harry Truman aliongoza kamati iliyochunguza matumizi ya fedha za vita. Alisifiwa kwa kuwafichua wezi. Mwaka 1943 alianza kuuliza habari za kiwanda kikubwa kilichokuwa kikijengwa huko Hanford. Waziri wa Vita, Henry Stimson, akampigia simu akamwambia ya kuwa jambo lile ni siri kubwa, nao wanaolijua ni watu wawili watatu tu. Truman akamwamini, akaacha. Mwezi wa Januari 1945 akawa Makamu wa Rais, na bado hakuambiwa. Tarehe 12 Aprili 1945 Rais Roosevelt akafa, Truman akala kiapo, na jioni ile Stimson akamdokezea maneno machache. Maelezo kamili aliyapata tarehe 25 Aprili. Yaani mtu ambaye angetoa amri ya kulitupa bomu aliishi zaidi ya siku themanini akiwa wa pili katika nchi bila kujua kuwa bomu latengenezwa.

Je, adui naye alizuiliwa vivyo hivyo? Mwezi wa Julai 1945, katika mkutano wa Potsdam, Truman alimwambia Stalin kwamba Marekani wana silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Stalin hakushtuka. Majasusi wake walikwisha kumletea habari, na mmoja wao, Klaus Fuchs, alikuwa mwanasayansi aliyefanya kazi ndani kabisa, huko Los Alamos, mwenye vibali vyote. Fuchs alikamatwa mwaka 1950 akafungwa miaka 14. Basi kuta zilezile ambazo zilimzuia Makamu wa Rais wa Marekani hazikumzuia Stalin. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, kwani huonekana tena na tena katika habari za siri za serikali: kufuli humzuia vizuri sana mtu mwaminifu asiyejaribu kulivunja.

Turudi Kongo. Mgodi uliokuwa umejaa maji ulikaushwa kwa msaada wa wahandisi wa jeshi la Marekani. Mawe yakasafiri kwa gari moshi mpaka Ilebo, mji ulioitwa Port-Francqui siku zile, yakapakiwa majahazini kwa mto Kasai na mto Kongo mpaka Léopoldville, kisha kwa gari moshi tena mpaka Matadi, na huko meli zikangoja. Wapelelezi wa Marekani walitumwa kuichunga njia hiyo, na kuona kama kuna mawe yaliyokuwa yakivushwa kwa magendo kuwaendea Wajerumani. Waliambiwa waseme kwamba wachunguza magendo ya almasi. Bibi Susan Williams, mwandishi wa historia, aliyafukua mambo hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2016. Yeye na wengine wasimulia pia kwamba jina la Shinkolobwe liliondolewa katika ramani. Mahali palikuwapo, watu walikuwapo, moshi wa jikoni ulipanda kila asubuhi, ila katika karatasi hapakuwa na kitu.

Na wachimbaji? Hao hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye kupewa siri wala miongoni mwa wenye kunyimwa. Hawakuhesabiwa kabisa. Walipasua na kuchambua mawe kwa mikono yao, vumbi likiwaingia puani, wala hawakuambiwa kwamba mawe yale hutoa miali isiyoonekana inayodhuru damu na mifupa. Mambo hayo madaktari waliyajua kwa sehemu tangu miaka ya 1920, kwa sababu ya wasichana wa Marekani waliougua na kufa baada ya kupaka saa rangi ya radiamu. Siri ya bomu ilikuwa siri ya vita, sawa. Lakini kumwambia mtu "nawa mikono, funika pua, usilale na nguo hizi" kungemfundisha Hitler nini? Mimi sioni. Hapo ndipo siri ya dola ilipofungiwa sanduku moja na uzembe wa mwajiri, na ufunguo ukawa mmoja.

Wenzetu wa Masisi wanaochimba koltani huko Rubaya watalielewa neno hili pasipo kufafanuliwa. Wengi wao hawajaona kamwe kile kidude kidogo ndani ya simu ambacho hutengenezwa kwa mawe yao.

Mwezi wa Septemba 1944 serikali ya Ubelgiji ilitia sahihi mapatano ya siri na Marekani na Uingereza, kwamba urani yote ya Kongo itauzwa kwao tu. Waliojua ni mawaziri wachache. Mwenye nchi, yaani Mkongo, hakuulizwa, kama vile hakuulizwa juu ya mengine yote. Sengier alipewa nishani ya heshima na Marekani mwaka 1946, na jiwe moja la madini likapewa jina lake, sengierite.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lilianguka juu ya Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe. Tarehe 9 Agosti likaanguka la pili, la plutoniamu, juu ya Nagasaki. Gazeti hili lina sababu ya kutopita upesi hapo. Bomu lilipasuka juu ya bonde la Urakami, penye kanisa kuu la Wakatoliki wa Japani, ambao mababu zao waliishika imani kwa siri zaidi ya miaka 200 wakati ilipokatazwa kwa adhabu ya kifo. Asubuhi ile waamini walikuwa kanisani wakiungama, wakijitayarisha kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Wapatao 8,500 kati ya waparokia 12,000 walikufa. Wakristo waliozijua siri za mateso kwa vizazi saba waliuawa kwa siri ya watu wengine.

Vita vilipokwisha, kuta hazikubomolewa. Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya nguvu za atomu, na kwa sheria hiyo habari za kutengeneza silaha hizo huhesabiwa kuwa siri tangu zinapozaliwa, hata kabla ya mtu kuzipiga mhuri. Waingereza, ambao wataalamu wao walifanya kazi pamoja na Wamarekani, nao wakafungiwa nje. Undugu wa vitani haukutosha.

Desturi ya leo imekua kutoka mbegu hiyo. Marekani hugawa siri zake madaraja matatu: ya faragha, ya siri, na ya siri kubwa. Mtu hapandi madaraja hayo kwa cheo tu. Huchunguzwa maisha yake: madeni yake, safari zake, jamaa zake walio ng'ambo, ulevi wake, majirani zake wasema nini. Mwenye deni kubwa hukataliwa upesi, kwani maskini wa ghafla hununuliwa kwa urahisi. Akikubaliwa, hutia sahihi kiapo cha kunyamaza, nacho humfunga hata baada ya kustaafu. Na bado hajaona kitu. Juu ya daraja la siri kubwa kuna miradi maalumu yenye orodha ya majina; jina lako lisipokuwa katika orodha ya mradi huo, jenerali mzima waweza kugeuzwa mlangoni na karani. Mazungumzo hufanyika katika vyumba visivyo na madirisha, simu zikiachwa nje. Miradi mingine hata jina lake halikiriwi, na iliyo fiche kupita zote huelezwa, tena kwa mdomo, kwa wabunge wanane tu: wenyeviti wa kamati nne na wenzao wa upinzani.

Mtu angedhani basi ya kuwa siri hizo zimehifadhiwa barabara. Lakini hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa watu zaidi ya milioni 4 walikuwa na idhini ya daraja fulani. Mwaka 2023 kijana wa miaka 21, askari wa akiba wa daraja la chini, alikamatwa kwa kuwaonyesha rafiki zake wa mitandaoni karatasi za siri kubwa za vita vya Ukraine. Alifanya hivyo ili kujivuna. Alihukumiwa miaka 15. Kila kitu kikipigwa mhuri wa siri, mhuri hupoteza uzito, na walinzi huwa wengi kuliko mali.

Sisemi kwamba siri zote ni mbaya. Mwenye kusema hivyo hajaishi Kivu. Jeshi likitangaza barabara litakayopita kesho, wataokufa ni vijana wetu. Shahidi aliyewataja wauaji, jina lake likitolewa gazetini, hataamka. Sisi tuliolelewa seminarini twajua pia fumbo la siri ya maungamo, ambayo padre haruhusiwi kuivunja hata kwa kitisho cha kifo. Lakini angalieni tofauti: siri ile humlinda mnyonge aliyepiga magoti, wala si yule aliyekaa kitini. Siri ya serikali yaweza kumlinda raia. Yaweza vilevile kumlinda aliyekaa kitini dhidi ya raia, na mhuri juu ya bahasha ni mmoja.

Jirani zetu wa Kenya wametupatia mifano miwili iliyo wazi.

Wa kwanza ni wa Waingereza. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963 majalada ya serikali ya kikoloni yalichambuliwa. Yale ya kuachiwa serikali mpya yaliwekwa upande mmoja. Yale yaliyoweza kuiaibisha Uingereza yalitengwa, na kazi ya kuyashika ikakabidhiwa watumishi wenye asili ya Ulaya peke yao. Mwafrika, hata akiwa karani mwaminifu wa miaka 20, alikatazwa kuyagusa. Mengi yalichomwa moto. Palikuwa na maagizo hata ya kuyatia katika makasha yenye uzito na kuyazamisha katika maji ya kina, mbali na pwani. Mengine yalipandishwa ndege yakaenda Uingereza, yakafichwa miaka mingi katika majengo ya Hanslope Park. Waandishi wa historia waliyauliza, waliambiwa hayapo. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi huko London juu ya mateso waliyoyapata makambini wakati wa Mau Mau, na mwaka 2011 serikali ikalazimika kukiri kwamba majalada yapo: yapatayo 1,500 ya Kenya, pamoja na maelfu mengine kutoka makoloni 36. Mwezi wa Juni 2013 Uingereza ilionyesha majuto yake bungeni na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Siri ile ilidumu karibu miaka 50. Ililinda usalama wa nani?

Wa pili ni wa Wakenya wenyewe, usije ukadhani kwamba dhambi hii ina rangi. Kati ya miaka ya 1997 na 2004 serikali mbili zilizofuatana zilitia sahihi mikataba 18 ya mambo ya usalama: pasipoti mpya, maabara ya polisi, meli ya jeshi la maji, na mengineyo, yenye thamani ya dola zipatazo milioni 770. Kwa kuwa ilihusu usalama wa taifa, haikutangazwa kwa zabuni wala kujadiliwa hadharani. Kampuni moja iliyopewa kazi, Anglo Leasing, ilipotafutwa ilionekana kuwa jina tu. Ofisa aliyekabidhiwa vita dhidi ya rushwa, John Githongo, alipoanza kuuliza alitishwa, akajiuzulu mwaka 2005 akiwa London. Neno "usalama" lilitosha kuwafunga midomo wakaguzi, sawasawa na simu ya Stimson ilivyomfunga Truman. Ila Stimson alikuwa na bomu kweli ndani ya sanduku. Wale hawakuwa na kitu.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 24, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari, na papo hapo yataja heshima ya sheria na utulivu wa umma. Kati ya maneno hayo mawili pana uwanja mpana, na katika uwanja huo mawakili, wabunge, waandishi na wazee wa kaya hawana budi kupigana kila mwaka. Mambo ambayo raia aweza kuyadai bila kumpa adui kitu si machache. Aweza kudai siri iwe na mwisho wa miaka. Huko Marekani karatasi nyingi hufunguliwa baada ya miaka 25, isipokuwa zile zilizozuiliwa kwa sababu iliyotajwa. Aweza kudai awepo mtu asiye wa serikali ile, kama hakimu au kamati ya Bunge, mwenye haki ya kuingia chumbani. Na aweza kudai kwamba ugonjwa, kifo na wizi visihesabiwe kamwe kuwa siri. Mimi nikiulizwa lililo la kwanza, nitachagua hilo la mwisho.

Habari za Shinkolobwe hazikwisha na vita. Mwaka 1960, uhuru ulipokaribia, mashimo yalizibwa kwa saruji. Karne hiyo ilipokuwa yaishia, wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, wakayafungua kwa sululu. Mwezi wa Januari 2004 Rais alitoa amri kuyafunga; mwezi wa Julai mwaka huo huo shimo moja liliporomoka likaua watu wanane. Amri ilikuwapo, mlinzi hakuwapo.

Padre Luc Gillon, mwanafizikia wa Ubelgiji aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Lovanium huko Léopoldville, aliona ya kuwa nchi iliyotoa urani yapaswa kupata walau elimu yake. Kwa juhudi zake tanuri dogo la atomiki la Kimarekani lilianza kazi chuoni mwaka 1959, la kwanza katika Afrika yote, nalo halikufichwa: wanafunzi walifundishwa mbele yake. Tanuri la pili lilifuata mwaka 1972, enzi za Mobutu. Kisha yakaja mazoea tunayoyajua: mishahara kuchelewa, ukuta kupasuka, ua kulegea, funguo kupita mikono mingi. Katika miaka ya 1970 vijiti viwili vya urani viliibwa humo. Kimoja kilionekana mwaka 1998 nchini Italia, mikononi mwa wahalifu waliotaka kukiuza. Cha pili hakijapatikana.